Njia ya Kaskazini: Kibla, Kivuli na Nyota kutoka Mombasa hadi Ngomeni

Msafiri anayetoka Mombasa asubuhi, akavuka daraja la Nyali na kushika barabara ya Malindi, huwa na kibla mbele yake, kushoto kidogo, kwa safari nzima ya karibu kilomita 120. Wengi wetu tumeipita njia hiyo mara nyingi bila kulifikiria jambo hili. Mji mtukufu wa Makka uko kwenye longitudo ya karibu nyuzi 39.8 mashariki. Mombasa iko kwenye nyuzi 39.7, Malindi kwenye 40.1 na Lamu kwenye 40.9. Kwa hiyo mstari unyooshwao kutoka pwani yetu hadi Al-Kaaba huelekea kaskazini halisi, au karibu sana na hapo: kwa Mombasa na Malindi tofauti haifiki uzi mmoja, na kwa Lamu ni kama nyuzi mbili na nusu tu kuelekea magharibi. Ndiyo maana baadhi ya wazee wetu, walipotaka kutaja upande wa kaskazini, walisema tu "kibla", na kila aliyesikia alifahamu.

Tulifunga safari hiyo familia kadhaa pamoja, akina mama, akina bibi, watoto na akina baba wachache, na tuliipanga iangukie tarehe 16 Julai kwa sababu itakayoonekana mbele. Kilichotutoa majumbani ni mazungumzo ambayo yamekuwa yakijirudia baina yetu. Yuko mzazi anayechelea kwamba binti yake akizama katika fizikia ataipoteza swala, na kwa hivyo unapofika wakati wa kuchagua masomo humwelekeza kwingine, ijapokuwa mtoto ana kipaji. Na yuko kijana ambaye, simu mkononi, humcheka bibi yake anaposimama uani kuutafuta mwezi mwandamo. Wawili hawa hugombana, lakini wanakubaliana katika jambo moja: kwamba dini na sayansi ni wake wenza, na anayempenda huyu hana budi kumkasirisha yule. Tulitaka watoto wetu waione pwani yao wenyewe inasema nini kuhusu dhana hiyo.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Gede, kilomita 15 hivi kabla ya kufika Malindi. Ndani ya msitu, chini ya miti mikubwa na kelele za kima, limelala gofu la mji wa Waislamu ambao watu wake waliuhama mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 2024 mji huu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Tuliingia katika msikiti mkuu. Paa halipo tena, nguzo zimebaki vigutu, lakini mihrabu ingali imesimama katika ukuta wa kaskazini, na nje kuna kisima na birika la kutawadhia. Tuliwaambia watoto watoe dira, nao wakaona wenyewe mahali mwashi wa karne zile alipoutazamisha msikiti wake.

Mwashi yule hakuwa na dira ya simu. Alikuwa na jua, nyota, uzi na timazi, na alikuwa na sababu ya kuvitumia. Angekuwa anajenga ghala, ukuta ungeweza kuelekea popote palipofaa. Kwa kuwa alikuwa anajenga msikiti, ilimbidi ajue kaskazini iko wapi. Hapo ndipo watoto walipoanza kuelewa maana ya safari yetu: swala ilimtaka mja ajue pahali alipo juu ya mgongo wa ardhi, na kujua pahali ulipo ndiyo mwanzo wa jiografia.

Si mbali na msikiti huo kuna kaburi ambalo juu ya lipu yake imechorwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani mwaka 1399 wa Miladia. Aliyeichora alikusudia marehemu akumbukwe na aombewe. Leo wanaakiolojia huitumia tarehe hiyohiyo kukadiria umri wa majengo mengine ya Gede, pamoja na ushahidi wa vigae vya sahani za Kichina na vyombo vilivyofukuliwa tangu James Kirkman aanze kazi hapo mwaka 1948. Mkono wa mcha Mungu uliacha alama, na baada ya zaidi ya miaka 600 elimu ya kuchimbua yaliyopita ikaitegemea.

Tulifika Malindi kabla ya adhuhuri, na hapa ndipo ilipo sababu ya kuichagua tarehe ile. Mara mbili kila mwaka jua husimama sawasawa juu ya Al-Kaaba, hata Nyumba hiyo tukufu isiwe na kivuli. Hutokea tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27, kwa saa za Makka, ambazo ndizo saa zetu za Afrika Mashariki. Katika miaka mirefu hutokea siku moja kabla. Wakati huo, mtu yeyote duniani anayeliona jua huwa anatazama upande wa Al-Kaaba, kwa kuwa jua liko juu yake moja kwa moja.

Tulichagua kiwanja kilicho sawa karibu na bahari. Watoto wakasimika fimbo ya mita 1 na kuisawazisha kwa timazi iliyotengenezwa kwa uzi na nati ya chuma. Ilikuwa kusi, na mawingu yalikuwa yakipita. Saa 6 na dakika 24 wingu likaja likalifunika jua, na kivuli kikatoweka. Hakuna aliyesema neno. Mmoja wa akina bibi akaanza kuvuta uradi. Dakika ya 26 wingu likasogea, kivuli kikarudi juu ya mchanga, na ilipogonga dakika ya 27 binti wa miaka 14 akaweka kijiwe kwenye ncha yake. Wakapima: sentimita 46, kikielekea kusini. Tukanyoosha uzi kutoka kwenye kijiwe hadi shina la fimbo na kuuendeleza mbele, na huko mbele ndiko kulikokuwa kibla. Baadaye tuliulinganisha na mihrabu ya msikiti wa jirani, na vyote viwili vikaelekea upande mmoja.

Urefu wa sentimita 46 haukuwa wa kubahatisha. Binti yuleyule alikuwa ameukokotoa usiku uliotangulia, kwa kujumlisha latitudo ya Makka, nyuzi 21.4 kaskazini, na ya Malindi, nyuzi 3.2 kusini, kisha akatafuta tanjenti ya jumla yake. Hesabu hiyo aliifundishwa darasani kwa mfano wa ngazi iliyoegemezwa ukutani. Alipoiona ikimwelekeza kwenye kibla yake, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama angeweza kumpimia kibla nyanya yake aliye Bura, Tana River. Tukamwambia ndiyo, na kwamba hesabu ni ileile.

Papo hapo adhana ya adhuhuri ikasikika. Hilo nalo lina siri yake. Kwa kuwa Malindi na Makka zinakaribia kuwa kwenye longitudo moja, jua hupita utosini mwa mbingu zetu na za Makka karibu kwa wakati mmoja, na adhuhuri ya huku hutangulia ile ya kule kwa dakika 1 hivi, mwaka mzima. Baina yetu kuna zaidi ya kilomita 2,700, lakini tunaposimama kuswali adhuhuri, wakati wenyewe umetukutanisha na wale walio mbele ya Al-Kaaba.

Tulipokuwa tukila chakula cha mchana, mazungumzo yaliingia baharini. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi alipewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, na chombo kilifika India katika muda wa wiki tatu na ushei. Masimulizi mengi humtaja rubani huyo kuwa ni Ahmad ibn Majid, ingawa wanahistoria wengi hawakubali. Lisilo na shaka ni kwamba Ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, alikuwa mwanamaji na mwandishi mkubwa wa elimu ya bahari katika zama hizo, na kwamba miongoni mwa tungo zake mna zinazofundisha namna ya kuipata kibla. Kwake yeye nyota iliyomwonyesha bandari ndiyo iliyomwonyesha pa kusujudia.

Manahodha wa zama hizo walipima kimo cha nyota kwa kamali, yaani kipande kidogo cha ubao chenye uzi wa mafundo. Nahodha aliung'ata uzi kwenye fundo, akauweka ukingo wa chini wa ubao kwenye upeo wa bahari, na kutazama kama ukingo wa juu unaigusa nyota. Kutoka Malindi, kusini mwa Ikweta, Nyota ya Kaskazini haionekani. Lakini chombo kilichopelekwa na kusi kuelekea Arabuni, kikiwa na mahujaji, kilipovuka Ikweta na kuendelea kiliiona nyota hiyo ikitokeza juu ya maji, kisha ikapanda usiku baada ya usiku, hata karibu na Jiddah ikawa kwenye kimo cha nyuzi 21 na ushei. Kila fundo la uzi lilikuwa habari kwamba Makka imekaribia.

Mbali na pwani yetu mambo yalikuwa hivyo hivyo. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima cha kupima umbali wa miji, kilichokamilika mwaka 1025, na moja ya shabaha zake kuu ilikuwa kuujua mwelekeo wa kibla kutoka Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Katika kazi zake za namna hiyo aliukadiria pia ukubwa wa dunia kwa kupima kutoka kileleni mwa mlima. Ibada iliuliza swali moja dogo, "Nielekee wapi?", na katika kulijibu mwanachuoni akaipima sayari nzima.

Baada ya swala tuliendelea kaskazini, tukapita Gongoni na mabwawa ya chumvi yanayometameta juani, hadi Ngomeni. Ni kijiji cha wavuvi, chenye misikiti, mikoko na mashua zilizopaliwa. Lakini ukitazama baharini unaona majukwaa ya chuma yaliyosimama juu ya miguu yake kama mabaki ya mji mwingine. Hiki ndicho kituo cha San Marco, kilichojengwa na Waitaliano, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Luigi Broglio. Kutoka hapo, baina ya mwaka 1967 na 1988, roketi zilirushwa kupeleka setilaiti angani. Mahali hapa palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na Ikweta, ambapo dunia inavyozunguka hukimbia kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bila gharama. Isitoshe, mbele yake ni bahari tupu.

Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ambayo ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni. Miale hiyo huzuiwa na hewa ya dunia, na hilo ni rehema kwetu tunaoishi chini yake, lakini anayetaka kuiona hana budi kupanda juu ya hewa. Aliyekuwa msimamizi wa mradi huo ni mwanamke, mhandisi Mmarekani Marjorie Townsend, naye ndiye aliyeipa jina la Kiswahili: Uhuru. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili Uhuru iliiramani mbingu na kuorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, kimoja kikiwa Cygnus X-1, ambacho uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mabinti zetu walilisikiliza hilo kwa makini kuliko yote. Neno wanaloliimba kila Disemba liliruka kutoka ufuo huu na kuingia katika vitabu vya falaki vya dunia nzima, na aliyelipeleka huko alikuwa mama mwenye familia yake. Hatukuwaambia kwamba ni lazima wawe wahandisi. Tulitaka tu wajue kwamba mlango huo ulikwisha funguliwa, na kwamba ulifunguliwa huku kwao.

Saa 10 kasoro dakika 10 tuliisimika tena fimbo ile ufuoni. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wake pamoja na kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Mita 1 na sentimita 46: watoto walikuwa wamekwisha chora alama mchangani, na kivuli kilipoigusa tukajipanga safu. Bibi mmoja aliyezaliwa kwenye visiwa vya Lamu, ambaye hakuwahi kukaa darasani, akamwambia mjukuu wake: "Mimi maji sihitaji kuangalia karatasi. Mwezi ukiandama na ukitimia, bamvua. Ukiwa nusu, maji mafu. Na kila kutwa maji huchelewa karibu saa nzima. Kajifunze na wewe, uje uniambie kwa nini." Kwa hakika ni dakika 50 hivi, na sababu ni mwendo wa mwezi kuizunguka dunia. Bibi alikuwa ameipata sehemu ya kwanza ya elimu hiyo kwa miaka mingi ya kuokota chaza na kusubiri mashua. Mjukuu ana nafasi ya kuipata sehemu ya pili, na hatakuwa na haja ya kumcheka yeyote.

Kutaja mwezi kunatuleta kwenye jambo linalotuuma zaidi, kwani mwezi ndio unaozigawa nyumba zetu. Kuna miaka ambayo mume amefunga na mke amefungua, au ndugu wawili wa baba mmoja wakaswali Idd siku mbili tofauti. Hatutaki kuingilia kazi ya makadhi na masheikh wetu. Tunakumbusha tu kwamba wanavyuoni wa zamani hawakuiona hesabu kuwa adui wa jicho. Taqi al-Din al-Subki, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 1355, alisema kwamba ikiwa hesabu ya yakini inaonyesha mwezi hauwezekani kuonekana, ushahidi wa anayedai kuuona usikubaliwe. Mwezi hukamilisha duru yake kwa wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44, na leo tunaweza kujua utatua dakika ngapi baada ya jua. Hesabu inaweza kumlinda shahidi asidanganywe na wingu au nyota. Lakini hukumu ya lini tuanze kufunga, na adabu ya kutoitana majina tunapohitilafiana, hizo hazimo katika jedwali lolote. Zinatoka katika dini na katika nyoyo zilizolelewa nayo.

Hapo ndipo tunapoona kila kimoja kinavyomhitaji mwenzake, na kila kimoja kina mpaka wake. Qur'ani Tukufu imetuelekeza mara nyingi kuzitazama mbingu na ardhi, na katika Sura Yunus tumekumbushwa kuwa mwezi umewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Huo ni wito wa kutazama. Haifai kuugeuza kuwa kitabu cha fizikia na kuitafutia kila nadharia mpya aya ya kuithibitisha. Nadharia hubadilika, Uhuru peke yake ilibadilisha mengi yaliyodhaniwa kuhusu nyota. Tukiifunga imani ya mtoto kwenye nadharia ya leo, kesho nadharia ikianguka tutakuwa tumemwachia nini? Ni salama zaidi kumfundisha kwamba kutazama kwa uaminifu, kupima bila kudanganya na kukiri pale kipimo kinapokataa dhana yako ni sehemu ya amana, na amana ni dini.

Kwa mama mwenye binti aliyefikia umri wa kuchagua masomo, tunasema: usimchagulie kwa hofu. Kama moyo wake uko kwenye fizikia, mshike mkono umpeleke, na umwambie kwamba watu wa pwani hii walikuwa wakizisoma nyota na kuswali kabla ya babu wa babu zake. Muda wa kuswali hataupoteza maabara; atajua kuukokotoa. Na kwa kijana mwenye simu, tunasema: programu inayokuonyesha kibla imejengwa juu ya kazi ya watu waliosimama usiku wakitazama juu, kama bibi yako.

Mwaka unapofika tarehe 28 Mei au 16 Julai, tokeni uani pamoja na watoto. Fimbo ya mita 1, uzi, timazi na saa iliyo sahihi vinatosha. Mkichelewa siku moja, jua litakuwa halijasogea kiasi cha kuwadhuru. Mtoto mdogo kuliko wote apewe kijiwe cha kuweka kwenye ncha ya kivuli, kisha mfuate uzi hadi kwenye mkeka wenu wa kuswalia.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona ishara zake, na atuunganishie nyoyo zetu. Wa billahi tawfiq.